Vifaili Vyenye Nukta Mbele

Dukani kwangu kuna sheria moja ambayo sijawahi kuilegeza: flash ya mtu haiingii kwenye kompyuta yangu kabla haijapita kwenye ile ya wateja. Nimeibandika ukutani kwa herufi kubwa, juu ya mashine ya fotokopi, na bado kila siku kuna mtu mzima na akili zake anayenyoosha mkono aichomeke mwenyewe. "Hebu toa mkono, baba," huwa namwambia. Watu wa Bariadi wamenizoea. Wanasema yule mama wa steshenari ana mdomo, lakini kazi yake safi. Yote mawili ni kweli.

Flash za huku zinatembea kuliko wenyewe. Inatoka shuleni Itilima, inapita ofisi ya kata, inalala kwenye mkoba wa mwalimu, inachomekwa kwa anayeweka nyimbo kwenye simu, ndipo inaletwa kwangu ikiwa na barua moja ya maombi ya kazi na virusi vya wilaya nzima. Kuna kirusi kinachoficha mafaili yote ya mtu na kumwachia vivuli vyenye majina yale yale. Ukibofya kivuli, umekisambaza. Kwa hiyo niliziweka kompyuta zangu zionyeshe hata vilivyofichwa, na nikajifunza jambo la pili, kwamba usichokijua, futa. Usiulize, usihurumie, futa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujuta hata siku moja.

Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo shemeji aliponiletea flash ya mwenzangu.

Mwenzangu ni pacha wangu. Huku kwetu pacha wana majina yao tayari kabla hawajazaliwa, wa kwanza na lake, wa pili na lake, kila mtu anayajua, kwa hiyo nikiyaacha hapa hakuna kinachopungua. Yeye alitangulia, mimi nikafuata. Tulifanana mpaka baba akawa anaita jina moja tu na yeyote aitike. Aliyekuwa hakosei ni mama. Hata ukikohoa nje ya mlango alijua aliyekohoa ni nani, na alijivunia jambo hilo kuliko ng'ombe.

Tulipokua yeye akaolewa Mwanza, akapata kazi ya ofisini na laptop yenye alama ya tufaha lililong'atwa. Mimi nikabaki Bariadi na mashine zangu za kupigwa window upya kila baada ya miezi sita. Alipenda kunichokoza. "Bado tu unahangaika na hayo makopo?" Nami namjibu, "Yako ina maringo, haijui hata kuongea na printa ya watu." Na kweli, akija kwangu na kazi ya kuchapa lazima tuzunguke kwanza. Kitu alichokipanga vizuri kwake, kikifika kwangu kimepinda. Tulikuwa tunacheka mpaka wateja wanatushangaa, sura ile ile upande huu wa meza na upande ule.

Mama alipoanza kusahau, mwenzangu ndiye aliyeona kwanza. Mimi niliye karibu sikuona. Alinipigia akasema anachukua likizo, anakwenda nyumbani Mwamapalala na skana, atalitoa sanduku la bati la picha chini ya kitanda cha mama, atapiga nakala picha zote, na kila picha atamuuliza mama: huyu ni nani, hapa ni wapi, na hapa kati yetu yupi ni yupi. "Twende wote," akasema. "Tukichelewa hatutamkuta." Hakuwa na maana ya kifo. Alikuwa na maana kwamba mama atakuwepo, ila hatutamkuta.

Ulikuwa msimu wa fomu za kujiunga na shule. Foleni ilikuwa inafika barabarani. Nikamwambia, tangulia, nitakuja wiki ijayo. Sikwenda wiki ijayo wala iliyofuata. Jumamosi moja mchana, akiwa huko huko Mwamapalala, alinipigia mara mbili. Niliiona simu inatetemeka pembeni ya printa. Mkononi nilikuwa na karatasi zilizokwama na mbele yangu wazazi wananung'unika, nikaiacha. Nilimpigia Jumatatu. "Aa, kilikuwa kitu kidogo," akasema. "Nimeshakiandika. Tutaongea nikija." Tukaongea mambo mengine, sijui hata yapi.

Hakuja. Miezi mitatu baadaye aliamka na kichwa kinamgonga, wakampeleka hospitali asubuhi, na saa kumi jioni shemeji akanipigia. Presha. Hakuwahi kuniambia ana presha, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Tulimzika Mwamapalala. Msibani watu walikuwa wananisalimia huku wanatazama pembeni. Shangazi yetu mmoja aliingia ndani, akanikuta nimekaa mkekani, akapiga ukunga akatoka nje. Sikumlaumu. Niliporudi Bariadi, chumbani kwangu nyuma ya duka, nilikitoa kioo ukutani nikakigeuza. Nilikaa hivyo muda mrefu, nikichana nywele kwa kupapasa. Sijaolewa, sina mtoto, na sikuwahi kujiona mpweke mpaka hapo, kwa sababu mtu mwenye pacha anakaa peke yake lakini hayuko peke yake. Sasa nikawa peke yangu kweli. Jioni nikifunga duka nilikuwa nazungumza na mashine.

Baada ya arobaini shemeji akaja. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa flash mfuko wa shati. "Picha zote alizozipiga nyumbani zimo humu, shemeji. Alitaka uwe nazo." Laptop yenyewe, akasema, ameipeleka ikasafishwa ikaanza upya, amempa mtoto wa kaka yake aliyeingia chuo. Nikasema sawa, amefanya vizuri. Akanywa soda, akawahi gari la Mwanza.

Nikafuata sheria yangu. Flash ikaenda kwenye ile kompyuta kuukuu ya wateja. Mwenzangu alikuwa amepanga folda kwa mahali: Mwamapalala, Kanisani, Binza, Maswa. Nikaanza na Maswa kwa sababu nilijua kilichomo. Maishani mwetu tuliingia studio ya picha mara moja tu, ile ya Nyalikungu, mjini Maswa, tukiwa na kama miaka mitano. Nikainakili folda hiyo kwenye kompyuta, nikaifungua, sikuangalia kingine, nikaitoa picha kwa rangi, nikaibandika ukutani chini ya sheria yangu.

Wasichana wawili wenye magauni ya maua, kitambaa kimoja. Nyuma pazia lililochorwa ngazi isiyokwenda popote. Wa kushoto ameitazama kamera kana kwamba imemkosea adabu. Wa kulia ameinamisha kichwa na ameshika pindo la gauni la mwenzake. Toka tukiwa wadogo tumegombania picha hii. Mimi nilisema wa kushoto ni mimi, maana mwenye mdomo ni mimi. Yeye alisema wa kushoto ni yeye, kwani mimi nilianza kuwa na mdomo baadaye, utotoni nilikuwa nalia nikiona hata kuku. Tukimwendea mama aamue, mama alikuwa anacheka tu. "Mtajua mkikua," anasema.

Ndipo nikafungua folda nyingine, na hapo nikaviona. Kila picha ilikuwa na kenzake kadogo pembeni. Jina lile lile, ila mbele limeanza na nukta na kistari cha chini. Picha kubwa, halafu kifaili kidogo kisichofunguka. Picha kubwa, kifaili kidogo. Mamia. Damu ikanichemka. Nikasema, jamani, hata ya marehemu! Hata hii hawakuiachia! Nikatafuta flash nzima kila chenye nukta na kistari mbele, nikavikusanya, nikafuta. Kwenye flash ukifuta kitu hakipiti hata kwenye pipa la taka, kimekwenda. Nikazikagua folda moja moja, safi. Nikafuta mikono kwenye kanga kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo, nikajisikia nimemfanyia mwenzangu jambo la maana.

Mwezi uliofuata kompyuta ile kuukuu ikazima, haikuwaka tena. Nikaisukuma chini ya meza pamoja na katriji tupu.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ukoo ukakaa, wakapanga misa ya kumwombea, na kijitabu cha misa nikaachiwa mimi. Ni kazi yangu, nimewatengenezea watu wengi. Mbele naweka picha ya marehemu ya karibuni, nyuma naweka ya utotoni, watu wanaipenda sana hiyo ya nyuma, wanaitazama wakati wa mahubiri. Nikafungua picha ya Maswa ili nimkate mwenzangu nimbakize peke yake. Nikaweka kipanya kwa wa kushoto. Nikasita. Nikakipeleka kwa wa kulia. Ningemkata yupi? Nikikosea, ningekuwa nimejichapa mimi kuwa marehemu, nakala mia mbili, na yeye nimemtupa. Unaweza kucheka. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka, wateja nikawaambia umeme umekatika, na taa zinawaka.

Nikapanda pikipiki nikaenda Mwamapalala. Mama alikuwa kivulini upande wa nyuma ya nyumba, anapepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa.

"Mwadila, mayu," nikampigia magoti, nikimwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila," akaitika, na akaniita jina la mwenzangu.

Sikumsahihisha, nilikuwa nimeshaacha kumsahihisha. Nikampa picha. Aliishika karibu na macho, akaisogeza mbali, akatabasamu. "Watoto wazuri hawa," akasema. "Wa nani?" Kisha akaingia ndani polepole akanitolea michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kibakuli, akaniambia nile, safari ni ndefu mpaka Mwanza. Nilikula yote. Nilikuwa nalia na kutafuna.

Niliporudi nikampigia shemeji. Nikamweleza shida yangu, nikitegemea ataniambia na yeye hajui. Akasema, "Lakini si aliandika?"

"Aliandika wapi?"

"Humo humo kwenye picha. Kila picha aliiandikia maelezo yake. Huyu fulani, hapa yeye, hapa wewe, mama alisema hivi. Alikuwa ananisomea jioni akiwa kule, kwenye simu. Zile za kwenu wawili aliziandika zote, hata mnavyotofautishwa."

"Shemeji, humu hamna kitu."

"Vimo, shemeji. Angalia vizuri."

Niliangalia. Nilibofya kila mahali pa kubofya. Sehemu ya maelezo ilikuwa tupu, picha baada ya picha. Kilichobaki kilikuwa tarehe na saa ya kupigwa nakala. Picha ya Maswa ilisema Jumamosi, saa nane mchana na dakika zake. Nikaijua Jumamosi hiyo. Nilikumbuka hata karatasi zilivyokuwa zimekwama.

Aliyenifumbua macho ni sista mmoja wa parokia, aliyeleta orodha ya masomo ya misa. Ana laptop ya tufaha pia, aliletewa na wafadhili. Alifika akakuta nimeinamia kioo cha kompyuta, sijamkaribisha, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, mama, leo hata kugomba hugombi?" Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akavuta stuli.

"Mashine zetu hizi," akasema, "ukiandika maelezo juu ya faili, hayaingii ndani ya picha. Yanakaa pembeni, kwenye mfuko wake. Mashine yenyewe inajua mfuko upo wapi. Sasa flash hizi za kusomeka kila mahali hazina mfuko huo. Kwa hiyo mashine inafanya nini? Inatengeneza kifaili kingine kidogo, inakiweka kando ya picha, maelezo yote yanapanda humo. Ukirudisha kwenye mashine ya tufaha, inaviunganisha tena, huoni kitu. Ukipeleka kwenye window, window haielewi, inakuonyesha viwili. Vinaanza na nukta na kistari cha chini."

Nikaitazama flash.

"Mama? Umewahi kuviona?"

"Nilivifuta, sista."

"Vyote?"

"Mimi ndiye mwenye kazi safi Bariadi nzima," nikasema. Akanishika bega. Nilitamani anigombeze, watu wa Mungu hawajui kugombeza mtu anapohitaji.

Nina programu ya kufufua vilivyofutwa. Nimewafufulia watu vyeti, picha za harusi, hata mtihani wa mwalimu. Nikaiachia flash ya mwenzangu kutwa nzima. Ilirudisha majina matupu, ndani sifuri. Na sababu naijua, kwa kuwa flash ilikuwa nzuri, yenye nafasi kubwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kubebea fomu za watu humo. Nilikuwa nimeandika fomu za watu juu ya maneno ya mwenzangu. Siku hiyo nilijitukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kwa sauti, duka limefungwa.

Nilikuwa nafagia katriji tupu chini ya meza nilipoigonga ile kompyuta kuukuu kwa ufagio, nikasimama. Nilinakili folda ya Maswa humo. Niliinakili kabla sijavifuta vile vidogo. Na nilivifuta kwenye flash, kwenye flash tu.

Sijui nilivyozifungua skrubu. Nilitoa kisanduku cha umeme kwenye mashine yangu mwenyewe, ile nzima, nikakifunga kwenye ile mbovu. Ikalia, ikawaka, ikachukua dakika kumi kuamka. Kwenye kioo kulikuwa na takataka za wateja wote wa mwaka, maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, kadi za michango. Katikati, folda ya Maswa. Ndani, picha. Kando yake, kadogo kenye nukta mbele.

Hakafunguki kwa kubofya. Nilikalazimisha kwenye notepadi. Kioo kizima kikajaa uchafu, viboksi, alama za kuuliza, herufi zisizo na mwenyewe. Mwishoni kabisa kulikuwa na sentensi ya Kiingereza, maana yake sehemu hii imeachwa wazi makusudi. Nikapanda juu taratibu, mstari kwa mstari, kidole kimegusa kioo. Na hapo, katikati ya viboksi, Kiswahili cha mwenzangu, asichokiwekea mkato wala nini:

"Studio Maswa. Mama amesema hii hata yeye hakuwahi kujua yupi ni yupi alikuwa anatudanganya tu. Nimempigia mwenzangu hapokei. Yeye ndio atajua"

Niliisoma mpaka herufi zikacheza. Nikanyanyua macho ukutani, nikawatazama wale wasichana wawili, wa kushoto na hasira zake, wa kulia na pindo mkononi. Nikawatazama sana. Nikasema kwa sauti, "Sijui, mwenzangu. Na mimi sijui." Basi. Alikuwa ameniachia swali moja tu, na nilikuwa na karatasi zilizokwama.

Sista aliniambia jambo jingine siku ile, kwamba kitu pekee kinachovuka salama kutoka mashine hadi mashine ni jina la faili lenyewe. Vya pembeni vyote vinaweza kubaki njiani. Kwa hiyo nililibadilisha jina la picha, nikaliandika refu kadiri mashine ilivyoniruhusu, bila nukta mbele: mimi na mwenzangu Maswa mama hajui yeye hajui mimi sijui. Kijitabu nikakichapa na picha nzima, sikumkata mtu.

Siku ya misa nilikaa na mama benchi la mbele, Mwamapalala, joto limejaa kanisani. Wakati wa mahubiri alikigeuza kijitabu akaiona picha ya nyuma. Alichukua muda. Kisha akaweka kidole juu ya wa kushoto, akataja jina langu. Akakipeleka kwa wa kulia, akataja la mwenzangu. Moyo ukanipasuka kwa furaha, nikamshika mkono. Mama akanitazama usoni, akacheka kidogo kile kicheko chake cha zamani, akarudisha kidole kwa wa kushoto, akataja jina la mwenzangu.

"Ndiyo, mayu," nikamwambia.